Mishono Midogo

Saa tisa kasoro usiku walimleta Kanali Baldivieso
kwa mlango wa nyuma, mlango wa makaa na maiti.
Gari lake lilibiringika kwenye barafu, njia ya San Telmo.
Hapa Oruro tuko mita elfu tatu na mia saba
juu ya bahari ambayo nchi yetu haina;
hata moto wa mshumaa huhema.

Askari wanne. Bunduki nne. Tope sakafuni.
"Anaanza yeye," alisema mwenye nyota begani.
Nikamjibu: hapa huanza anayekufa upesi.
Kisha nikampima.
Tumbo gumu kama ubao,
mapigo mia na arobaini, midomo ya majivu:
bandama imepasuka.
Basi kumbe ndiye anayekufa upesi.
Kanuni niliyoinua iwe ngao yangu
iligeuka ikamfunika yeye,
na kijana wa benchini, mguu umevunjika pande mbili,
akanitazama kama aliyepokonywa zamu na dada yake.

Primitiva alipanga vifaa bila neno.
Mkasi ulitua kwenye sinia kwa kelele kuliko kawaida.

Nitasema kweli, maana hakuna aniulizaye.
Mshipa ulikuwa kati ya vidole vyangu viwili,
unapiga, unapiga,
moto, unateleza kama samaki wa ziwani.
Kuubana ni kazi.
Kuuachia hata si kitendo,
ni kidole kuchoka tu.
Cheti kingeandikwa "alizidiwa,"
na mjane wake angenishukuru kwa kujitahidi.

Anselmo, kaka yangu, alirudi mwezi wa Agosti
kutoka lango la mgodi, ndani ya gunia la madini.
Amri ilikuwa na saini. Saini niliiona:
B kubwa, yenye madaha, kama ya barua ya mapenzi.
Nilimshona mwenyewe juu ya meza ya jikoni,
mama ameshika taa.
"Mikubwa mikubwa tu, binti yangu," mama alisema,
"hasikii tena."
Sikuweza. Nilimaliza alfajiri.

Basi nilisubiri mkono utetemeke.
Niliupa nafasi.
Ukafunga fundo.
Ukafunga la pili.
Miaka kumi na tisa nimeulea gizani mwa matumbo ya watu,
umekuwa kama nyumbu wa mgodini:
njia anaijua, mzigo haulizi ni wa nani.
Nilimchukia kanali. Na mkono nao niliuchukia,
kidogo.

Asubuhi kasisi alikuja kunipongeza kwa kusamehe.
Nikamwambia, Padri, nimetoa bandama.

Siku ya nne mgonjwa alisoma jina kwenye koti langu.
"Colque. Wa yule Colque?"
"Wa yule."
Akatazama chupa ya maji iliyoning'inia,
tone, tone,
akafuata mrija kwa macho hadi mkononi mwake,
na hapo ndipo alipoogopa,
hatari ikiwa imeshapita siku tatu.
Nikamwachia aogope. Hilo halimo kwenye kiapo.
Kisha nikampa maagizo: supu, matembezi mafupi,
wiki sita asinyanyue kitu kizito.

Jumatatu nitamtoa nyuzi saa moja,
saa mbili na nusu kuna basi la La Paz,
saa nane hakimu atanitaka nitaje nilichokiona langoni,
nami nitakitaja, mbele yake au nyuma yake,
akiwa mzima wa kutosha kusimama na kujibu.
Sijui kama nilimponya kwa ajili hiyo.
Ningependa kusema ndiyo.

Jana Primitiva alikuwa akisafisha kidonda.
Alihesabu kwa sauti, polepole, hadi thelathini na moja.
"Midogo hivi," alisema. "Kwa huyu?"
Nilikuwa nanawa. Maji ni baridi mno mwezi huu.
"Mikubwa," nikamwambia,
"sijui inashonwaje."