Maoni Namba 114

Ghorofa ya tatu, Al-Khuwair. Nje lami yayeyuka,
ndani tumejifunika mashali kwa baridi ya kiyoyozi.
Watu kumi na tisa, vibao vya nchi,
na katikati ya meza kitu cha ukubwa wa ngumi:
kiungo cha mpira wa zimamoto.

Mwaka wa nne huu.
Rasimu, kura, maoni, rasimu.
Wa Kuwait kaja na milimita zake,
wa Korea na zake,
kila mmoja kwa adabu,
kila mmoja na kiwanda nyuma ya mgongo.

Leo ugomvi ni neno moja.
Bwana Oosting ataka "yafaa".
Ghaniya, wa Sohar, ataka "sharti".
Hahutubii. Afungua mkoba, atoa shaba mbili,
moja ya bandari, moja ya ghala jirani,
azisukuma mezani:
"Ziunganisheni."

Zazunguka mkono hadi mkono.
Hesi yang'ata hesi, yakataa.
Oosting avua miwani, ajaribu tena.

"Usiku ule," asema Ghaniya,
"maji yalikuwepo."

Mimi ni karani tu.
Bibi yangu alirudi kutoka Wete na pishi yake ya mbao,
akagombana nayo soko zima la Matrah:
yenu ya mfuto, yangu ya kilele!
Hadi anakufa hakununua tende bila kununa.

Naandika: 114. Yamekubaliwa. Sharti.

Mwenyekiti amimina maji, atazama saa.
Namba 115:
unene wa kipete.