Chini ya Chumba Changu, Barnsley

Kodiani naijua.
Harusini kwetu hupakatwa, hupapaswa,
hutuzwa noti kwa madaha.
Hii ya Tamsin inabanwa kama mdaiwa sugu.
Mkanda wake umeshonwa kwa waya wa breki ya baiskeli,
na mwenyewe, nywele kijani, soksi moja,
anaimba kama mtu anayefukuza mbwa.

Usiku wa tatu huo. Nami zamu yangu saa kumi na moja alfajiri:
wazee kumi na wanne wa kugeuza, kuogesha,
kubembeleza wale uji.
Nikaandika barua kwa halmashauri.
Waheshimiwa, chini ya chumba changu, dukani kwa dobi,
wako vijana wanne wanaoua banjo.
Nikashuka nayo, ndara miguuni, hasira kifuani.

Mashine zote zimenyamaza vinywa wazi,
isipokuwa moja, yenye sare yangu.
Ubao wa kufulia, ule wa pambo dirishani,
Gethin anaukwangua kwa vijiko
hadi sabuni ya miaka sitini inatoka vumbi.
Wimbo ni wa kale, wa wachimba makaa;
mgodi wenyewe siku hizi ni duka la magodoro.
Wameufukua, wakauvisha buti,
wakauambia: haya, piga teke.

Ndipo Bi Doreen, mwenye duka, bibi yake Tamsin,
akatua kikapu cha mashuka.
Nikasema moyoni, leo watakiona.
"Mmekosea," akasema. "Ubeti wa pili.
Mnaimba 'bwana mkubwa katusahau'.
Hayo waliyafua ili yachapwe kitabuni.
Baba yangu hakuuimba hivyo."
Akashika meza ya kukunjia nguo,
akafumba macho,
akatoa tusi
lenye vina na mizani,
limekaa ndani ya ubeti kama jino.

Tamsin, aliyedhani hasira kaivumbua yeye,
alimtazama bibi yake
kama mtu aliyeonyeshwa chumba kingine
katika nyumba aliyozaliwa.

Kisha moja, mbili, tatu,
na sitaeleza. Walipiga.
Kifungo cha sare yangu kikawa kinagonga bati,
nusu pigo nyuma ya wenzake,
na hakuna aliyekiambia kinyamaze.

Barua ninayo bado. Nyuma yake
nimejaribu kulitia lile tusi katika Kiswahili.
Halijakaa. Mizani imezidi miwili,
na zamu nimechelewa.