Tundu la Kuingilia

Ubao ni mringaringa. Ulikaa miaka miwili
darini jikoni kwa Mama Ndealilia, huko Kibosho,
ukila moshi, na moshi haujautoka.
Aliuleta kwangu Pasua umefungwa kwa kanga kuukuu,
na karatasi ya daftari: tawi la kahawa,
majani sita, buni kumi, vyote vya kutoboa.

Msumeno wangu haujui kuruka ukingo.
Wembe wake, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo,
sharti niufungue, niupenyeze tunduni, niufunge tena,
mara kumi na sita kwa kazi hii moja,
na kila tundu ni shahidi dhidi yangu.

Kwa hiyo nayaficha. Kekee ndogo kuliko zote,
kipande cha plaiwudi chini, mgongo wa ubao usibanduke,
na sitoboi katikati kama wafanyavyo wenye haraka:
natoboa penye kona, pale jani linapochongoka,
pale buni inapokutana na kikonyo,
pale ambapo jicho limekwisha kuzoea giza.
Wembe ukianza kutembea, unaondoka na mlango wake.

Fundi Eliafoo, aliyenifunza, alikuwa akipitisha ukucha.
Ukikwama, hulipwi siku hiyo.
Siku nyingi sikulipwa.

Saa nane umeme ukakatika. Nikaupeleka ubao dirishani,
na chini ya buni ya kumi nikaona nukta ya kalamu.
Nikadhani ni wino umedondoka.
Nikampigia: "Mama, hii nukta niifute?"
Kimya. Nikasikia kuku wake, na ndoo ikiwekwa chini.
"Hiyo ni ya kumi na moja," akasema.
"Huyo hakufikisha juma.
Usimkuze. Mwache alivyokuwa."

Nikachukua kekee ya mkono.
Nikatoboa pale pale, peupe, mbali na kona yoyote,
nikapuliza unga.
Wembe sikuupitisha.

Alikuja Jumamosi, mvua ikimfuata mlangoni.
Akapapasa majani, akapapasa buni,
kona baada ya kona, hakugundua kitu,
nami nikaona fahari, nisidanganye.
Kisha kidole kikafika kwenye tundu, kikasimama.
Kilienea ncha tu.

Nje maji yalikuwa yakijaza mtaro.
Aliponiuliza bei
nikamhesabia matundu kumi na sita.