Nabofya Mara Moja

Nje, Ulaanbaatar imevaa moshi wa makaa,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nimekaa na glavu mkono mmoja,
ule usiocheza.

Tugriki laki mbili na tisini elfu. Kwa kipanya!
Panya wa ghala letu la mikate
hula bure, na kasi wanayo.

Jumamosi dukani nilikishika. Gramu hamsini na nne:
kiganja hakikuamini kwamba kimebeba kitu.
Muuzaji akasifu vihisi, akasifu waya usiokuwapo;
mimi nikawaza viatu vya Anujin, soli iliyoachama.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini hili langu mpini umeoza:
nabofya mara moja, lenyewe hubofya mbili.
Jumanne nilirusha mabomu mawili mahali pa moja,
la pili likatulipua sisi wenyewe.
Temuulen hakusema neno. Alipumua tu
kwenye kipaza sauti, kwa muda mrefu.

Nimepiga hesabu kwa zamu, si kwa fedha:
usiku saba mbele ya tanuri,
unga kwenye kope,
kwa kitu kinachoenea ndani ya ngumi.

Viatu nilivinunua leo asubuhi, sokoni, kwa noti.
Anujin amelala navyo.

Saa tisa usiku naufikia ule mraba wa kijani.
Kidole kinasita, kinarudi, kinatua.
Nabofya mara moja.

Kizee kikabofya mbili.

Vinakuja Alhamisi,
vyote viwili.