Kielelezo Namba Sita

Walinifuata Uyole nikiwa napalilia viazi,
vijana watatu na kamera waliyoifunika koti la mvua
kama mtoto mchanga.
"Mzee Mwakalobo, tunatengeneza tamthilia
ya polisi na wauza unga. Tunataka uhalisia."
Elfu thelathini kwa siku, na chakula.
Nikanawa matope, nikaenda kuwashauri.

Nyumba waliipata Nzovwe, ya tofali za kuchoma.
Unga wao ulikuwa wa muhogo,
pakiti zimepangwa kama sabuni dukani.
Gwamaka, muongozaji, akaniuliza:
"Afande, mlango mnaupiga bega au buti?"

Nikamwambia, tulibisha hodi.

Akacheka. Wote wakacheka, hata aliyeshika taa.
Lakini ndivyo ilivyokuwa, Julai ile, kule Iyunga,
baridi ya kukata masikio, Loleza haionekani:
tulibisha, na mama Asagwile akaitika karibu,
akatufutia viti kwa upindo wa kitenge.

Tulikuwa wawili na pikipiki isiyo na mafuta.
Upekuzi unataka shahidi,
shahidi ni balozi wa nyumba kumi,
balozi yuko kilabuni.
Basi tukamsubiri, dakika arobaini na tano,
askari wawili, mtuhumiwa na mama yake,
tunakunywa chai ya maziwa, tunalalamikia bei ya mbolea.
Asagwile alitetemeka hadi kikombe kikalia.
Mwenzangu akaandika: kwa hofu.
Mimi arosto naijua nikiiona.

Jikoni kulikuwa na debe la sembe.
Ndani ya unga, unga.
Mama akautazama mkono wangu ukizama hadi kiwiko
katika chakula chake cha wiki,
akasema tu, "Polepole, baba, usimwage."

Gwamaka akainua kichwa: "Na bosi wao?"
Bosi hatukumwona.
Tuliona namba ya simu isiyopatikana,
tukasikia habari za lori lililokwisha kuvuka Tunduma.
Tulimkamata aliyekuwa na mlango wa kubishia.

Tunatoka, mama akanikimbilia na sweta,
la kijani, la shule,
kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
"Ukimchukua, mchukulie na hili."
Nililipokea kwa mikono miwili.
Nikalitia kwenye mfuko nilioushika,
na mfuko nilioushika ulikuwa wa vielelezo.

Kituoni karani aliandika kila kilichomo:
kete ishirini na mbili, simu, wembe,
mizani ya duka, daftari la madeni,
sweta moja, kijani. Namba sita.
Kikishaandikwa hakitoki bila amri ya mahakama.
Kesi iliahirishwa mara kumi na moja.
Kila asubuhi nilipita mbele ya mahabusu
na kila asubuhi, nikifika pale,
nilikuwa na haja ya kutazama saa.
Amri ilipokuja ilikuwa ya kuteketeza vielelezo vyote.

"Sweta linachelewesha hadithi," Gwamaka alisema,
wala hakusema kwa ubaya.
Mlango wakaupiga buti. Bawaba zikakataa.
Mara ya nne ukaanguka na fremu yake,
mwenye nyumba akadai laki mbili.

Jumapili, saa tatu usiku, tukawasha runinga.
Tusekile, kajifunika blanketi, akaniuliza,
"Yule nyuma ya polisi si wewe?"
Ndiye mimi. Walinipa sare,
imezidi kidogo mabegani.
Mlango ukaanguka, ngoma zikapigwa,
watoto wa jirani wakashangilia dirishani.
Mama wa kwenye tamthilia akapiga yowe.
Wa kwangu hakupiga.

Hapo mtu akabisha hodi, ya kweli, mlangoni petu:
mtoto katumwa chumvi.
Tusekile akanitazama.
Hodi ya pili.
Ya tatu.
"Karibu," nikasema,
nikanyanyuka, nikaifuata chumvi jikoni,
nikasimama pale mbele ya debe
muda mrefu kuliko chumvi inavyotaka.