Nahesabu Kimya

Soma, Tamazi. Kaa juu ya gunia,
mbali na mdomo wa tanuri.
Mimi nakanda, nasikia.

"Mbweha... a-li-ku-la theluji..."

Alikula! Kicheko kimenifika kooni,
nimekimeza pamoja na vumbi la unga.
Mikono yangu imezama hadi viwiko,
siwezi kukuonyesha herufi kwa kidole;
bora hivyo.

Juzi Bwana Nodari, akingoja mikate yake miwili,
alikurushia neno kupitia dirishani
kabla hujalitafuta.
Alidhani amekusaidia.
Ukafunga kitabu. Siku mbili kikalala
chini ya mizani, kikanuka hamira.

Kwa hiyo leo nahesabu kimya:
moja, nabandika mkate ukutani mwa tanuri,
mbili, tatu...
(Penye "kibanda" ulisoma "nyumba",
nikaacha. Mbweha analala humo humo.)

"...theluji mlangoni kwake."

Umenyamaza. Kidole kinarudi nyuma,
kinakwaruza ukurasa kama kuku achakuraye.
Nne.
Mkate unaanza kugeuka rangi.
Nne na nusu.

"Ali-ku-ta! Shangazi, a-li-ku-ta!
Theluji hailiwi."

Asemaye ndiye aliyeila Januari
kiganja kwa kiganja, hapo nje, barabara nzima ya Kutaisi ikimwona.

Nageukia ndoana ya mikate
usije ukaniona uso.
Endelea. Bado kurasa tatu,
na huu mmoja umeungua pembeni:
huu hauuzwi, ni wetu.