Usikate Bado

Makoroboi, muuzaji alinitandazia kaunta nzima:
mishale myeusi, myembamba, migumu kama shingo ya mdeni.
"Huu, bosi, nyati anakaa chini."
Nikamwambia sina ugomvi na nyati.
Nina upinde wa ratili ishirini, ncha zimebenuka nje
kama midomo ya mtu aliyenuna,
na kiroba cha nyavu chakavu nyuma ya nyumba, Bwiru,
kinachongoja kuchomwa.

Nikarudi na sita ya fibaglasi, mirefu kupita kiasi,
na msumeno wa kuazima.

Nyanzobe akasimamisha cherehani.
"Usikate bado."
Akavuta futi yake shingoni, ile ya manjano
iliyofutika namba nne za mwanzo.
"Nyosha mkono. Vuta.
Usijikaze kama unapigwa picha ya kitambulisho."
Ugwe ukanigusa pembe ya mdomo.
Akatia chaki pale wano lilipopita upinde,
akasogea inchi mbili mbele, akatia nyingine.
"Leo unavuta kwa woga. Mwezi ujao kifua kitafunguka.
Gauni refu nalipunguza.
Fupi, namrudishia mtu pesa yake."

Msumeno ulirudi kwa mwenyewe na meno yake yote.

Mshale hauendi umenyooka, ingawa macho yanaapa.
Ukitoka hujinyonganyonga, mkia huku, kichwa kule,
kama kambare aliyeponyoka beseni pale Kirumba,
ndipo utulie na safari yake.
Ulio mgumu mno haukubali kupinda;
kwa upinde laini kama wangu hukimbilia kando.
Ule wa nyati ungeishia kwa kuku wa Mama Holo.

Manyoya nilitaka meupe.
Yeye akasema waridi.
Nikacheka, akanionyesha miamba kwa kidole cha tondoo:
korongo wamepaka chokaa kila jiwe.
"Haya, katafute nyoya jeupe humo."

Wa kwanza ulipita juu ya kiroba.
Wa pili ukagonga jiwe. Ti!
Tukauokota, tukaupinda taratibu karibu na sikio.
Ukalia, kidogo tu, kama kiti cha zamani.
Sasa unashikilia mche wa nyanya.
Wa tatu uliingia kwenye nyavu, chini kabisa, pembeni,
nikashangilia peke yangu.

Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea.
Hawakuwahi kupanga nyumba Bwiru.
Wa nne ulizama kwenye ufa wa pimbi
na waridi lake lote.

Nikatambaa, nikachungulia, nikapapasa giza na mavi makavu.
Niliporudi, magoti mekundu,
nilimkuta ameshika upinde,
miwani juu ya paji, futi ingali shingoni.
"Pita nyuma yangu," akasema
kwa meno, maana pini mbili
zilikuwa bado mdomoni.